Mazoea na Refa

Magoti ya Mama Chapa yalianza kulia zamani, kabla mwenyewe hajaanza. Yalilia kila alipoinuka kitini, ka, ka, kama bawaba za mlango zilizokosa mafuta, na kwa kuwa ndani ya nyumba hapakuwa na sauti nyingine aliyasikia vizuri sana. Mume alikwishatangulia. Kijana wake, mkaguzi wa shule, alikuwa mji mwingine, na binti yake, msusi, alikuwa mbali zaidi ya huko. Redio alikuwa nayo, lakini redio ina tabia moja mbaya: inakupigia domo siku nzima, na haikuulizi hata mara moja umelalaje.

Jina la Mama Chapa alilipata ofisini. Alipiga chapa maisha yake yote ya kazi, tangu enzi za mashine zile nzito na karatasi za kaboni, na wakubwa wake walisaini barua zake bila kuzisoma. Hakuvumilia kosa. Wenzake walipaka wino mweupe juu ya herufi iliyokosewa wakaendelea na safari. Yeye alichomoa karatasi, akaikunja, akaanza upya. Na kama kosa lilikwisha kutoka na nakala, alizifuata nakala zote, meza kwa meza, mpaka ile ya mwisho. Watu walimcheka, lakini barua ya maana ilipokuja hawakumpa mwingine. Vidole vyake vilifanya mazoezi miaka yote hiyo. Mwili uliobaki ulikaa tu kitini ukivisubiri vimalize.

Sasa mwili ulikuwa umeleta madai yake.

"Mama, dawa nitakupa," alisema daktari wa kliniki, binti mdogo mwenye sauti ya kubembeleza. "Lakini dawa haitakupandia ngazi. Unakaa ghorofa ya ngapi?"

"Ya tatu."

"Basi tembea. Kila siku, hata kidogo. Ukiendelea kukaa hivi, zile ngazi zitakushinda, na watoto watakuja kukuhamisha."

Hapo ndipo alipomshika pabaya. Kijana wake alikuwa ameshaanza maneno ya kumhamisha. "Mama, chumba cha nyuma kipo," alikuwa akisema kila akipiga simu. Mama Chapa alikijua chumba hicho. Alilala humo alipokwenda kuwasalimu, katikati ya maboksi na baiskeli mbovu. Asubuhi watu wote walitoka, jioni wote walirudi, kila mmoja na simu yake usoni, na yeye akabaki kuhesabiwa kama samani. Upweke wa kwake aliujua mlango na dirisha. Ule wa kwa mwanawe ulikuwa na watu ndani yake, na huo aliuogopa kweli. Kwa hiyo alitaka miguu. Hakutaka umbo, wala ujana, alitaka miguu ya kupanda kwake na kushuka kwake.

Alianza peke yake. Siku ya kwanza alifika kwenye kona ya barabara akarudi. Siku ya pili aliishia getini. Ya tatu mvua ilinyesha, akaishukuru mvua kimoyomoyo akarudi kitandani. Usimlaumu. Wewe hujawahi kutembea huku hakuna anayejua kama umetoka wala kama umerudi.

Wiki iliyofuata alikuwa anatoka sokoni, akakwama kwenye kibaraza cha ghorofa ya pili. Alishika chuma cha ngazi, mfuko wa vitunguu miguuni, akihema. Mlango wa pembeni ukafunguka.

"Mama, mbona mechi imesimama?"

Alikuwa jirani wa chini, mzee mrefu mkavu kama mpini wa ufagio, ambaye jengo zima lilimwita Refa. Alichezesha mpira wa miguu mpaka magoti ya wachezaji wenyewe yalipochoka, akastaafu akiwa na maadui katika kila timu. Mpaka leo walikuwepo watu wazima waliomsimamisha njiani kumdai penalti za utotoni mwao. Aliishi peke yake. Kila asubuhi alitoka na suruali yake ya mazoezi iliyopauka akazunguka ukuta wa uwanja wa shule.

"Nimechoka tu, Refa," Mama Chapa alisema. "Uzee huu."

"Uzee hauna kosa. Unapanda ngazi kwa hasira, kama umetumwa. Kesho asubuhi shuka, nitakungoja chini. Na viatu viwe vya kufunga, siyo hizo kandambili."

Alishuka. Mwenyewe hakujua kwa nini, labda kwa sababu palikuwa na mtu anayengoja.

Refa hakumwacha atembee mara moja. Kwanza alimsimamisha mbele ya ukuta, mikono ukutani, mguu mmoja nyuma, ili kuunyoosha msuli wa nyuma ya mguu. "Pasha moto kwanza," alisema. "Goti halipendi kushtuliwa." Halafu wakaenda. Alikuwa na kanuni moja ya mwendo, na kanuni hiyo ndiyo iliyoleta mambo yote. "Tembea huku unaongea," alimwambia. "Ukishindwa kuongea, umezidisha, punguza. Ukiweza kuimba, unazembea, ongeza."

"Nizungumze nini?"

"Chochote. Mimi nasikiliza pumzi tu."

Mwongo huyo. Alisikiliza kila neno. Mama Chapa alianza kwa kusitasita, akasimulia mambo ya bei ya vitunguu, akasimulia mkurugenzi aliyekuwa akisinzia huku akimsomea barua ya kupiga chapa. Walipofika kona ya pili ya uwanja akajikuta anamsimulia mumewe alivyougua. Watoto wake hakuwahi kuwaambia hayo, maana hawakuuliza, na kwenye simu mtu huwa na haraka. Refa naye alimsimulia mkewe aliyeondoka zamani kwa sababu kila Jumamosi na Jumapili mume yuko uwanjani anatukanwa. "Alisema afadhali angekuwa anatukanwa nyumbani, angalau wangeonana," alisema, na Mama Chapa akacheka mpaka wakasimama.

"Kadi ya njano," Refa alisema, akiinua mkono mtupu juu. "Kupoteza muda."

Ikawa hivyo kila asubuhi. Akichelewa alionyeshwa kadi, akilalamika alionyeshwa kadi, na siku moja alipojidai kaumwa ghafla mguu, Refa alimtazama kwa jicho la kazini akasema, "Inuka, hujaguswa." Alimfundisha kukaa kitini na kuinuka bila kushika popote, kifua mbele, visigino chini. Alimfundisha kusimama kwa vidole vya miguu huku anangoja chai ichemke. Magoti yalilia, kisha yakanung'unika tu, kisha kukawa na asubuhi ambazo Mama Chapa alifika juu kwake akakumbuka kwamba hakusimama njiani. Akaanza kulala usingizi wa maana. Na akaanza, nalo hili hakulitazama sana, kuchagua kitambaa cha kichwa kabla ya kushuka.

Siku zikawa zinakwenda. Kijana wake akapiga simu tena, akaligusa tena suala la chumba cha nyuma. Mama Chapa akaona heri awaandikie watoto wote pamoja, kwenye lile kundi la familia kwenye simu, ili wajue mambo yake ni mazuri. Aliandika mchana, ameketi dirishani, kwa kidole kimoja. Yule yule aliyewahi kuandika kwa vidole kumi bila kutazama, sasa alidonoa kioo kile kama kuku. Na simu za siku hizi zina kiherehere: hujamaliza neno, zenyewe zinakumalizia. Akabonyeza, akabonyeza, akatuma, akaenda kufua.

Ujumbe uliofika ulisema hivi:

"Wanangu, msiwe na wasiwasi nami. Nina mazoea na Refa wa chini, kila asubuhi kabla ya jua kuwa kali. Mwanzo nilikuwa naumia, lakini sasa nasikia raha. Daktari mwenyewe amesema nisiache."

Alipotoka kufua, simu ilikuwa inalia kwa mara ya sijui ngapi.

"Mama!" Alikuwa binti, na sauti yake ilikuwa nusu kilio, nusu kicheko. "Shikamoo. Mama, ni kweli?"

"Marahaba. Kweli nini?"

"Hayo mambo yako na Refa. Mimi sina neno mama, umri ni namba tu, lakini ungeniambia mimi kwanza, siyo kwenye kundi! Wifi yangu amesoma, na wazazi wake wamo humo!"

Hajaelewa bado, simu ikakatika, ikalia tena. Safari hii alikuwa mkaguzi wa shule, na mkaguzi huwa anauliza maswali ambayo majibu yake anayo tayari.

"Mama, shikamoo. Umeandika nini?"

"Nimewaandikia hali yangu."

"Umeandika kwamba una mazoea na mwanamume. Kila asubuhi. Na kwamba unasikia raha."

Mama Chapa alitoa simu sikioni, akaufungua ujumbe, akausoma. Mazoea. Neno la watu waliovuka mpaka. Alitaka kusema mazoezi, na kidole kimoja na simu yenye kiherehere vimemfungisha uchumba mbele ya ukoo mzima.

"Ni kosa!" alipiga kelele. "Ni kosa la chapa! Mazoezi! Natembea naye, nanyoosha miguu!"

Upande wa pili pumzi ndefu ikatoka. "Alhamdulillahi," alisema kijana wake. "Lakini mama, kuna jambo. Mimi nimeshampigia yule mzee. Namba yake si ulitupa, kwamba siku ukianguka tumpigie?"

"Umempigia ukamwambia nini?"

"Nilimuuliza kwa adabu tu. Nilisema, mzee wangu, mama ameandika kwamba mna mazoea. Nilijua atakanusha. Hakukanusha! Aliniambia, kama mama yako amesema hivyo, basi mimi siwezi kumpinga, na nia yangu kwake ni ya heshima. Sasa mtu hujui ucheke au ulie."

Mama Chapa alicheka. Alicheka kwa haya, kama anavyocheka mtu aliyeteleza mbele za watu. Akaingia kwenye lile kundi akaandika polepole, herufi moja moja, kwamba neno ni mazoezi, na kwamba hakuna kingine. Wakamjibu kwa vicheko, mstari mzima wa nyuso zinazotoa machozi ya kucheka.

"Basi na yeye mwambie," kijana wake alimaliza. "Asije akabaki na picha nyingine."

Na hapa ndipo palipoharibika. Mwanamke mwingine angekaa na usiku wake akajiuliza: kwa nini yule mzee hakukanusha? Maana mtu hakubali jambo zito namna ile kwa kuwa amepigiwa simu tu. Lakini Mama Chapa aliliona jambo kikazi. Kosa limetoka, limekwenda kwenye nakala kadhaa, na nakala moja bado haijasahihishwa. Alilala akipanga maneno.

Asubuhi hakwenda kukutana naye chini. Aligonga mlango wake.

Refa alifungua upesi, kama alikuwa amesimama nyuma yake. Hakuwa na suruali ile iliyopauka. Alikuwa na shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikononi, amenyoa ndevu na kujikata kidogo chini ya sikio. Nyuma yake sakafu ilikuwa bado na umajimaji wa kupigwa deki. Mezani palikuwa na vikombe viwili vimefunikwa na visahani, na viti viwili vimesogezwa vikatazamana.

Mama Chapa aliviona vitu hivyo vyote. Aliviona, lakini mdomo ulikuwa umeshaondoka.

"Refa, nisamehe sana. Jana kumetokea kosa, nimeona aibu hata sijui nianzie wapi. Nilitaka kuwaandikia watoto mazoezi, simu ikaandika mazoea. Kosa la chapa tu. Wamekusumbua bure mzee wa watu."

Refa alimsikiliza akiwa ameinamisha kichwa kidogo, kama nahodha wa timu anamlalamikia.

"La chapa," alisema.

"La chapa tu."

"Ahaa. Mazoezi."

"Mazoezi."

Akacheka. Kicheko kilichelewa kidogo kufika, na kilipofika hakikukaa. "Na mimi nikashangaa," alisema. "Nikasema, huyu mama ana ujasiri kunishinda." Akashika kitasa cha mlango, akakiachia, akakishika tena. "Tatizo ni kwamba kijana wako aliponiuliza nilimjibu ukweli. Wewe ulikosea herufi. Mimi sikukosea."

Hapo nafasi ilikuwepo. Ilikuwa kubwa, lango wazi, hata kipa hakuna. Neno moja lingetosha. Mama Chapa neno lenyewe alikuwa nalo, na akafikiria mke wa mwanawe na wazazi wake, na nyuso zile zinazocheka kwa machozi, na umri wake, na mkaguzi wa shule akivuta pumzi ya kushukuru.

"Tutoke basi, jua litatukuta," alisema.

"Hapana, mama." Aliisema bila hasira. "Mimi nikishapuliza filimbi, siwezi kujifanya sikupuliza. Nitatembea vipi pembeni yako nikisikiliza pumzi? Wewe sasa umekwisha kuwa mzima. Magoti unayo, mwendo unaujua. Mazoezi mtu anafanya hata peke yake."

"Asante kwa yote, Refa."

"Karibu."

Mlango ulifungwa taratibu, kwa heshima, na afadhali ungebamizwa.

Alishuka, akaenda uwanjani, akapasha misuli ukutani. Akaanza kuzunguka. Alipofika kona ya kwanza alitaka kujua kama amezidisha mwendo au anazembea, na njia ya kujua ilikuwa moja tu, kuongea. Akafungua mdomo. Mwanafunzi mmoja aliyekuwa anawahi shule aligeuka kutazama bibi anayesema peke yake. Mama Chapa akaufunga mdomo, na akiwa amesimama pale kwenye vumbi la uwanja, amevaa viatu vya kufunga na kitambaa alichokichagua kwa dakika nzima, akajua kwamba anampenda yule mzee. Basi, limesemwa. Alimpenda, na alikuwa amekwenda mwenyewe, kwa miguu aliyofundishwa naye, kumsahihisha.

Utaniuliza, kwa nini hakurudi? Alirudi. Mara nyingi alishuka ghorofa moja akasimama mbele ya mlango ule, mkono umeinuliwa kubisha. Lakini angesema nini? Kwamba kosa halikuwa kosa? Mtu aliyewaambia wote, kwa herufi moja moja, kwamba hakuna kingine? Nami nasema angebisha tu, ujinga gani huu, angebisha halafu maneno yangejitafuta yenyewe. Lakini hakubisha. Refa akahamishia matembezi yake jioni. Wakikutana ngazini walisalimiana vizuri, "Habari za leo, mama," "Nzuri, Refa, za kwako," kila mmoja akimpisha mwenzake upande wa chuma, na kadi ya njano hakuonyeshwa tena hata alipostahili.

Ila mazoezi hakuyaacha. Kwa kuyaacha angepoteza hata kile kidogo alichobakiwa nacho. Alitembea mvua ilipotishia na jua lilipowahi. Alisimama kwa vidole mbele ya jiko. Alikaa kitini na kuinuka bila kushika popote, katika chumba ambamo hamkuwa na wa kumwona akifanya hivyo.

Daktari alimpima akafurahi mwenyewe. "Mama, wewe unanifundisha kazi," alisema. "Magoti mazuri, shinikizo la damu limeshuka. Nani amekuwa anakusimamia?"

"Nilikuwa na refa," alisema Mama Chapa, na daktari akadhani ni utani, akacheka.

Kijana wake alipopata habari aliacha kabisa kukitaja chumba cha nyuma. Maboksi yangekaa humo kwa amani. Mama Chapa alikuwa ameshinda: nyumba ni yake, ngazi ni zake, na hakuna atakayekuja kumhamisha. Jioni ile aliketi dirishani na simu, akawaandikia watoto. Safari hii alikataa kila msaada wa simu, akadonoa neno baada ya neno mpaka mwisho.

"Wanangu, leo nimepimwa, mimi ni mzima. Mazoezi yanaendelea. Mazoea hayapo."

Makofi yakaanza kuingia. Mikono ya kupiga makofi, mikono iliyotunisha misuli, moyo mmoja mwekundu kutoka kwa binti. "Hongera mama yetu!" aliandika mkaguzi. "Safari hii hujakosea!"

Mama Chapa aliurudia ujumbe wake tangu mwanzo, akaupitia herufi kwa herufi kama zamani ofisini, akitafuta kosa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akaomba liwepo. Halikuwepo.